Kuvumwani uwanjani: kwa nini huota, na namna ya kuiondoa isirudi

Ukipita kwenye kiwanja cha shule au cha kijiji katika maeneo ya baridi na mvua nyingi, kama Rungwe, Njombe, Mufindi au Lushoto, na hata Kericho na Limuru kwa majirani zetu wa Kenya, utaona jambo moja. Katikati ya uwanja nyasi ni nzuri. Lakini golini, pembeni chini ya miti, na pale maji yanapotuama, nyasi zimekonda. Mahali pake pameota zulia la kijani, laini kama sponji. Mchezaji akigeuka kwa kasi pale, mguu unateleza, zulia linabanduka, na udongo unabaki wazi.

Zulia hilo kwa Kiswahili cha vitabuni linaitwa kuvumwani. Vijijini wengi husema tu "yale majani ya utelezi". Kila msimu wa mvua tunaulizwa swali lilelile: tumwage nini ili life? Dawa ipo, na tutaieleza hapa kwa vipimo vyake. Lakini tunatanguliza neno hili: anayemwaga dawa bila kurekebisha uwanja atamwaga tena mwakani, na mwaka utakaofuata.

Makala hii ni ya maandishi tu, ili isile bando lako. Ni ndefu kidogo. Unaweza kuihifadhi kwenye simu na kuisoma kidogo kidogo, au kumsomea mwalimu wa michezo na wajumbe wa kamati ya uwanja.

Kuvumwani ni nini?

Kuvumwani ni mmea. Si ukungu, na wala si ugonjwa wa nyasi. Ni mmea wa zamani sana duniani, mdogo, usio na maua wala mbegu. Huzaliana kwa vumbi laini sana linalopeperushwa na upepo au kubebwa na maji, na pia kwa vipande vyake vyenyewe. Kipande kidogo kikinata kwenye kiatu cha mchezaji kinaweza kuanza maisha mapya upande wa pili wa uwanja.

Jambo la pili la kulijua ni kwamba kuvumwani haina mizizi ya kweli. Ina nyuzi fupi za kujishikiza juu ya udongo tu, na hunywa maji kwa majani yake. Ndiyo maana inapenda mahali panapobaki na unyevu juu juu. Ndiyo maana pia inabanduka kirahisi mtu akiikanyaga, tofauti na nyasi ambazo mizizi yake imeshika chini.

Jambo la tatu huwashangaza wengi: kiangazi hakiiui. Hukauka, hugeuka rangi ya majani makavu, na mtu hudhani imekufa. Mvua ya kwanza ikinyesha, hunywa maji na kurudi kuwa ya kijani kabla hata nyasi hazijaamka.

Usiichanganye na ule utelezi mweusi au wa kijani iliyokoza unaotanda juu ya udongo kama ute baada ya mvua. Huo ni mwani wa nchi kavu. Hauna majani hata ukiuangalia kwa karibu. Habari njema ni kwamba vyanzo vyake ni vilevile, kwa hiyo ukitibu kimoja umetibu na kingine.

Nani kamfukuza mwenzake?

Watu wengi huamini kwamba kuvumwani huua nyasi. Ukweli ni kinyume chake. Nyasi zenye afya, zilizosongamana na kupata jua, haziiachii kuvumwani nafasi ya kukaa. Inaota pale nyasi ziliposhindwa. Kwa hiyo kuvumwani ni kama moshi: ukiuona, tafuta moto ulipo. Sababu za kawaida ni hizi sita, na nyingi unaweza kuzipima mwenyewe bila kifaa cha gharama.

1. Maji kutuama. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 kwenye sehemu yenye kuvumwani. Lijaze maji, yaache yazame, kisha lijaze tena. Kama kesho yake asubuhi bado kuna maji, tatizo lako kubwa ni maji.

2. Udongo kushindiliwa. Golini na katikati ya uwanja, miguu hukanyaga kila siku mpaka udongo unakuwa kama sakafu. Chukua msumari wa inchi sita na ujaribu kuuchomeka kwa kidole gumba udongo ukiwa na unyevu. Ukikataa kuingia, mizizi ya nyasi nayo inakataliwa.

3. Kivuli. Simama sehemu hiyo saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Kama mara zote tatu upo kivulini, nyasi za uwanja hazitastawi hapo, na kuvumwani itashangilia.

4. Kukata au kulishwa chini mno. Fyekeo linalofika udongoni, au mbuzi wanaochunga uwanjani kila siku, huziondolea nyasi majani ya kutengenezea chakula chao.

5. Njaa. Uwanja hukatwa kila mara, na majani hubebwa kupelekewa ng'ombe, lakini hakuna anayerudisha chochote. Baada ya miaka kadhaa udongo unachoka kama shamba lolote lile.

6. Uchachu wa udongo. Maeneo ya mvua nyingi, hasa yanayolimwa chai, mara nyingi yana udongo wenye asidi. Aina kadhaa za kuvumwani huvumilia asidi kuliko nyasi nyingi. Hata hivyo, kati ya sababu zote sita, hii ndiyo inayolaumiwa zaidi ya inavyostahili. Tutairudia tutakapofika kwenye chokaa.

Zunguka uwanja na daftari. Andika kila sehemu yenye kuvumwani na sababu uliyoiona. Mara nyingi utakuta golini ni kushindiliwa, upande wa miti ni kivuli, na kona ya chini ni maji. Sehemu tatu, tiba tatu tofauti. Ndiyo maana dawa moja ya kumwaga uwanja mzima haileti majibu.

Somo kutoka viwanja vya bowli

Miongoni mwa walioisumbukia kuvumwani kwa muda mrefu ni watunzaji wa viwanja vya bowli nchini Uingereza. Bowli ni mchezo wa kuviringisha tufe juu ya nyasi ili lisimame karibu na kijitufe kidogo cheupe. Tufe lenyewe limeundwa kwa makusudi ili lipinde njiani, kwa hiyo mchezaji hupiga hesabu ya mwendo na mpindo. Waingereza waliupeleka mchezo huu katika makoloni yao, na Kenya imewahi kupeleka wachezaji wa bowli kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Uwanja wa bowli ni mdogo, kwa kawaida usiozidi mita 40 kila upande, lakini unadai utunzaji mkali mno. Nyasi zake nyembamba hukatwa mpaka kubaki karibu milimita 5. Kwa urefu huo nyasi ziko kwenye ukingo wa kushindwa, na nchi yenyewe ina baridi, mawingu na manyunyu. Kuvumwani haihitaji mwaliko mwingine. Ikiota, tufe hupunguza mwendo kana kwamba linapita juu ya godoro, na hesabu za mchezaji huharibika.

Mwaka 1929 kilianzishwa kituo cha utafiti wa nyasi za michezo huko Bingley, Yorkshire. Katika karne ya 20 watunzaji wa viwanja walitumia kila aina ya dawa, ikiwemo zebaki. Wasikilizaji wetu walio karibu na machimbo ya dhahabu wanaijua zebaki. Ni sumu inayokaa kwenye udongo, maji na samaki, na kuharibu mishipa ya fahamu. Leo viuatilifu vyenye zebaki vimo kwenye orodha ya bidhaa za kuondolewa duniani chini ya Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017.

Baada ya dawa nyingi kupigwa marufuku, watunzaji hao wamerudi kwenye mambo mawili. La kwanza ni kazi ya mikono: kutoboa udongo, kukwangua, kutoa maji na kuruhusu jua. La pili ni salfeti ya chuma, dawa ya zamani, rahisi na isiyo kali kama zile za kwanza. Hayo ndiyo tunayopendekeza pia kwa kiwanja cha shule au cha kijiji, tena sisi tuna nafuu: nyasi zetu hazihitaji kukatwa mpaka milimita 5.

Kazi ya kwanza: kuondoa sababu

Maji. Kama uwanja uko kwenye mteremko, chimba mtaro upande wa juu ili maji ya mlimani yasiingie kabisa. Mtaro huo mmoja mara nyingi husaidia kuliko kazi nyingine zote. Kisha fungulia maji njia kwenye kona ya chini. Hapa kuna jambo la kuzungumza kabla ya kushika jembe: maji yakitoka uwanjani yanakwenda wapi? Yakielekezwa kwenye shamba la jirani au kwenye njia ya watoto, mtakuwa mmehamisha tatizo na kuanzisha ugomvi. Mwiteni mwenye shamba, mkubaliane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, ndipo mchimbe.

Kivuli. Miti iliyopandwa kuzunguka viwanja vingi ni mikaratusi au misonobari. Ilipandwa kwa sababu nzuri: kuni, nguzo, kuzuia upepo, na fedha za shule. Hatusemi ikatwe yote. Anzeni kwa kupunguza matawi ya chini, hasa upande wa mashariki, ili jua la asubuhi liingie na kukausha umande. Tazameni msimu mmoja. Kama bado nyasi hazioti, ndipo kamati izungumzie kuondoa mti mmoja mmoja, kwa idhini ya serikali ya kijiji na ushauri wa afisa misitu. Mkiona kwamba mti una faida kuliko kipande hicho cha uwanja, basi ni bora kuusogeza mstari wa pembeni mita mbili kuliko kupigana na kivuli kila mwaka.

Kushindiliwa. Dawa yake ni kutoboa. Tumia jembe uma: lichomeke wima mpaka sentimita 10, litikise kidogo nyuma na mbele, lichomoe, sogea sentimita 10 hadi 15, rudia. Fanya hivyo udongo ukiwa na unyevu wa wastani. Ukiwa umelowa sana, jembe litazidi kuushindilia, na ukiwa mkavu halitaingia. Wanafunzi 20 wenye majembe uma matano wakipokezana wanaweza kumaliza golini zote mbili kwa siku moja. Baada ya kutoboa, tandaza mchanga wa mtoni uliochekechwa na uusukume kwa ufagio uingie kwenye matundu. Usitandaze udongo wa mfinyanzi juu. Utaziba kila ulichofungua.

Kukata. Kwa nyasi za Kikuyu au ukoka kwenye uwanja wa mpira, zibakize sentimita 3 mpaka 4. Sehemu zenye kivuli ziache ndefu zaidi kidogo. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Kama nyasi zimerefuka hadi sentimita 9, kata mpaka 6, subiri siku kadhaa, kisha kata tena.

Mapumziko. Golini ndiko huumia kwanza. Kama uwanja una nafasi, sogezeni magoli ya mazoezi mita chache kila baada ya muda, au fanyeni mazoezi ya mashuti upande wa nje. Nyasi zikipumzishwa wiki chache wakati wa mvua hujifunga zenyewe.

Kazi ya pili: kuondoa kuvumwani iliyopo

Kama kuvumwani ni kidogo, reki ya chuma inatosha. Kwangua kwa nguvu kwenda na kurudi, kisha kata njia ya pili ya kuvuka ile ya kwanza. Kazi hii ni nyepesi zaidi kiangazi, kuvumwani ikiwa imekauka. Kusanya kila kilichobanduka na ukitoe nje ya uwanja. Usikiache pembeni, maana vipande vyake vitarudi na mvua.

Kama imetanda sana, ndipo salfeti ya chuma inapohitajika. Ni chumvi ya unga au chengachenga za rangi ya kijani hafifu. Ulizia kwenye maduka makubwa ya pembejeo, na usome lebo. Usikubali kuuziwa mrututu badala yake. Mrututu ni wa rangi ya buluu, ni chumvi ya shaba, na ni hatari kwa samaki na kwa kondoo, ambao hudhurika hata na kiasi kidogo cha shaba. Salfeti ya chuma na mrututu ni vitu viwili tofauti.

Kipimo ni gramu 5 hadi 10 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa keni ya kumwagilia ya lita 10, yeyusha gramu 50 mpaka 100 na umwagie eneo la mita 10 za mraba. Tuchukue mfano wa golini penye upana wa mita 20 na kina cha mita 15. Hizo ni mita za mraba 300, na zitahitaji kilo 1.5 mpaka kilo 3. Uwanja mzima wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140, na ungehitaji kilo 36 mpaka 71. Ndiyo sababu tunasema mwagia penye kuvumwani tu. Fedha iliyobaki inunue mbolea.

Utaratibu wake ni huu:

1. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mita moja, na usubiri siku tatu uone nyasi zimepokeaje.

2. Chagua siku ambayo kuvumwani ni mbichi na ina unyevu, lakini hakuna dalili ya mvua kwa siku hiyo na inayofuata. Mvua ya mapema huosha dawa kabla haijafanya kazi. Jua kali la kiangazi nalo huunguza nyasi.

3. Vaa glovu, viatu vilivyofunika miguu na nguo za zamani. Salfeti ya chuma huacha madoa ya kutu yasiyotoka kwenye nguo, saruji na vigae. Usipite nayo kwenye baraza la shule.

4. Mwagia sawasawa. Ukizidisha, nyasi nazo zitakuwa nyeusi.

5. Ndani ya siku chache kuvumwani itageuka nyeusi. Usikwangue mara moja. Subiri siku 10 hadi 14 mpaka ife kabisa, kisha piga reki na uitoe. Ukikwangua ikiwa hai, utaisambaza.

6. Watoto na mifugo wasiingie mpaka majani yamekauka na mvua imeyaosha.

Salfeti ya chuma ikimezwa ni hatari, hasa kwa mtoto mdogo. Ifungiwe kabatini kwenye mfuko wake wenye lebo. Usiihamishie kwenye chupa ya soda wala kopo la unga. Ikitokea mtoto ameila, mpeleke kituo cha afya mara moja na ubebe mfuko wake ili mganga auone.

Na maji je? Chini ya viwanja vingi vya milimani kuna chemchemi. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Kama uwanja wenu uko karibu hivyo, tumieni reki, si dawa.

Vitu ambavyo havifai

Mafuta machafu ya injini, dizeli na mafuta ya taa. Yanaua kila kitu, yanaingia kwenye maji ya chini, na pale palipomwagwa hapataota nyasi kwa muda mrefu.

Chumvi ya mezani au ya mifugo. Kuvumwani itanyauka, lakini nyasi zitakufa pamoja nayo na udongo utaharibika.

Maji ya betri. Ni asidi kali inayounguza ngozi na macho, na ndani yake kuna risasi. Yasifike kabisa mahali watoto wanapocheza.

Dawa za kuua magugu yote, zile za kusafishia shamba kabla ya kulima. Hapa kuna mshangao: dawa yenye glaifoseti huua nyasi vizuri, lakini kuvumwani mara nyingi huivumilia. Utabaki na uwanja wa kuvumwani peke yake.

Vipi kuhusu chokaa na majivu?

Hili ndilo jambo linalopendekezwa zaidi na linaloeleweka kidogo. Chokaa ya kilimo haiui kuvumwani. Kazi yake ni kupunguza asidi ya udongo polepole, ndani ya miezi mingi. Kama udongo wako una asidi kali, chokaa itazisaidia nyasi kushindana. Kama hauna, umetupa fedha, na zaidi ya hapo unaweza kuyakaribisha magugu ya majani mapana. Majivu ya kuni hufanya kazi inayofanana na chokaa, kwa nguvu ndogo.

Kwa hiyo pima kwanza. Chukua udongo wa kina cha sentimita 10 kutoka sehemu kumi za uwanja, changanya kwenye ndoo safi, kausha kivulini, na upeleke nusu kilo maabara. Kwa Tanzania, vituo vya utafiti wa kilimo kama TARI Uyole mkoani Mbeya na TARI Mlingano mkoani Tanga, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo Morogoro, vinashughulika na udongo. Kwa Kenya kuna KALRO Kabete. Anza kwa kumwona afisa ugani wa kata yako, akuelekeze gharama na utaratibu. Kipimo cha asidi kikiwa kati ya 5.5 na 6.5, uwanja wa mpira hauhitaji chokaa. Kikiwa chini ya 5, ushauri wa maabara juu ya kiasi cha chokaa utakufaa. Na usiweke chokaa na salfeti ya chuma wakati mmoja, kwa sababu chokaa huizimisha dawa.

Kazi ya tatu: kuziba nafasi

Hapa ndipo viwanja vingi hushindwa. Kuvumwani imetolewa, udongo uko wazi, watu wamerudi nyumbani wameridhika. Wiki chache baadaye zulia limerudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa nyanda za juu, nyasi za Kikuyu ndizo mshindi. Asili yake ni milima ya Afrika Mashariki, na zimepewa jina la watu wa Kikuyu wa Kenya. Kutoka huku zimesafirishwa mpaka Afrika Kusini, Australia na California, ambako hutumika kwenye viwanja vya michezo. Yaani wengine wanazinunua, nasi tunazo kando ya barabara. Zinapenda jua na mvua, na hutambaa haraka. Mahali pa joto zaidi, ukoka unafaa.

Chukua pingili zenye vifundo viwili au vitatu, zipande kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20 mwanzoni mwa mvua, zikanyage kidogo zishike udongo, na uzuie watu kupita hapo mpaka zimefungamana. Tahadhari moja: nyasi za Kikuyu hazijui mpaka. Zikiingia shambani kwa jirani ni gugu sugu. Weka mtaro au njia iliyolimwa kati ya uwanja na shamba, na uikague kila mwezi.

Kisha zilishe. Samadi iliyooza vizuri na kuchekechwa, ikitandazwa kwa unene usioficha majani, ni chakula kizuri. Isiwe mbichi, maana itaunguza nyasi na kuleta inzi uwanjani. Ukiwa na mbolea ya dukani, gramu 12 za CAN kwa mita ya mraba, mara mbili au tatu katika msimu wa mvua, zinatosha. Kwa golini la mita za mraba 300, hizo ni kilo 3.6 kila mara. Mbolea ya SA nayo hustawisha nyasi, lakini huongeza asidi, kwa hiyo kwenye udongo ambao tayari ni mchachu chagua CAN.

Kalenda ya mwaka

Kalenda hii ni ya maeneo yenye msimu mmoja wa mvua, kama Nyanda za Juu Kusini. Kwenye mvua za vuli na masika, gawanya kazi hizi kulingana na misimu yenu.

Juni mpaka Agosti: kagua uwanja na daftari, zungumzeni na majirani kuhusu mitaro, peleka udongo maabara, punguza matawi.

Septemba na Oktoba: chimba mitaro, piga reki kuvumwani iliyokauka, itoe nje.

Novemba na Desemba, mvua za kwanza: toboa udongo, tandaza mchanga, panda pingili, weka mbolea. Kama kuvumwani inaamka kwa wingi, mwagia salfeti ya chuma kwenye siku za mapumziko ya mvua, kabla ya kupanda pingili sehemu hiyo.

Januari mpaka Aprili: kata kwa urefu unaotakiwa, rudia mbolea, zuia mifugo, na pumzisha golini.

Mei: tazama sehemu zipi zimerudia kuota kuvumwani. Hizo zinakuambia sababu ipi bado haijaondolewa.

Fedha ikiwa ndogo, waanze na nini?

Kamati nyingi zina fedha ya jambo moja tu kwa mwaka. Ushauri wetu ni kufuata mpangilio huu: kwanza mtaro, kwa sababu unahitaji jembe na watu, si fedha. Pili kutoboa golini, ambako nako kunahitaji nguvu tu. Tatu samadi na pingili, ambazo kijijini hazikosekani. Dawa ni ya nne. Mkifanya matatu ya kwanza vizuri, huenda ya nne msiihitaji kabisa.

Na mpaka kazi ikamilike, zungushieni kamba sehemu zinazoteleza, hasa siku za mvua, au zisogezeni mechi za watoto wadogo upande mkavu. Goti la mwanafunzi likiteguka, hakuna salfeti ya kulirudisha. Uwanja unaweza kusubiri msimu mmoja ujao. Mchezaji aliyeumia anaweza kukosa misimu mingi.